Kituo cha maji nje ya Ghuba ya Kigoma: shajara ya mradi, Aprili hadi Oktoba 2024

Aprili, wiki ya mwisho

Mradi umeanza. Kazi ni mbili na haziachani. Ya kwanza ni kuingiza kwenye kompyuta vipimo vya joto la maji, uwazi na oksijeni vilivyoandikwa kwa mkono katika madaftari ya miaka iliyopita. Ya pili ni kuendelea kupima palepale walipopima waliotutangulia, nje ya mdomo wa ghuba, kila wiki.

Chini ya kituo hicho hakuna kamba yetu inayofika. Bonde hili la kaskazini lina kina cha zaidi ya mita 1,300, na mahali pa kina kuliko pote katika Ziwa Tanganyika ni mita 1,470. Sisi tunapima mita 150 za juu tu. Huko ndiko waliko samaki, mwani na kila kiumbe kinachohitaji oksijeni. Upande wetu oksijeni hushuka hadi kama mita 100 hivi, na kule kusini, Mpulungu nchini Zambia, inaweza kukaribia 200. Maji yaliyobaki chini ni mengi mno na hayana oksijeni, lakini yamesheheni virutubisho: fosforasi, nitrojeni, silika. Kwa hiyo ziwa hili lina chakula tele kilichofungiwa chini, na uhai wote unasubiri kiasi kidogo kipande juu. Utafiti wangu wote wa miaka hii umekuwa juu ya jambo hilo moja: kinapandaje, na kiasi gani.

Madaftari tumeyapokea kutoka kwa fundi wa maabara aliyestaafu, mtu aliyenifundisha kushika kamba ya sampuli nikiwa mwanafunzi. Alikuwa ameyafunga kwa nailoni, moja moja, na kuyaweka juu ya kabati mbali na mchwa. Aliponikabidhi alisema, "Mwanangu, usiyapige picha tu ukanirudishia. Yasome." Tumeanza kuyasoma.

Ziwa limejaa sana msimu huu. Ufukwe tuliozoea kupakilia vifaa umefunikwa, na majirani kadhaa wa pwani wamehama. Wengi wanauliza maji haya yataenda wapi. Njia ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, na hata huo hautoi mengi, kwani sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa kuvukizwa na jua. Stanley alipoufikia mto Lukuga mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matete. Edward Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, alipofika huko mwaka 1879 aliukuta unakwenda kwa nguvu. Kati ya safari hizo mbili ziwa lilikuwa limejaa mpaka likakivunja kizibo chake.

Mei, katikati

Tarehe 15 uvuvi umefungwa, utafunguliwa 15 Agosti. Ni makubaliano ya nchi nne zinazochangia ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga mitumbwi imepandishwa juu, nyavu zimekunjwa, taa za sola zimerudishwa majumbani. Kwa familia inayoishi kwa dagaa, miezi mitatu ni mirefu. Ninauunga mkono uamuzi huu na ninajua nani anaubeba mgongoni.

Pale Katonga, mama mmoja anayeanika dagaa aliniuliza swali ambalo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi: "Mkifungua mwezi wa nane tukakuta dagaa wamejaa, mtajuaje kama wamejaa kwa sababu tuliwaacha, au ni kusi tu imewaleta kama kila mwaka?"

Sijawahi kusikia mtu akiliuliza vizuri hivyo hata kwenye mikutano yetu ya kitaalamu. Miezi ya kufunga imeangukia karibu yote ndani ya msimu wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini. Dagaa wa ziwa hili, hasa yule ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, huishi kama mwaka mmoja hivi na huzaana haraka, kwa hiyo idadi yake hupanda na kushuka kufuata chakula. Pumziko na chakula vimekuja kwa wakati mmoja. Namna pekee ya kuvitenganisha ni kujua kusi ya mwaka huu imefanya kazi kiasi gani ukilinganisha na kusi za miaka ambayo ziwa halikufungwa. Jibu la mama yule limo kwenye madaftari.

Juni, wiki ya kwanza

Tumelinganisha vipimajoto. Madaftari ya zamani yalijazwa kwa kipimajoto cha zebaki kinachogeuzwa kikiwa chini ili kisibadilike kinapovutwa juu. Sisi tunatumia kihisi cha umeme. Tumevishusha vyote viwili pamoja kwenye kamba moja, kina kilekile, na kurudia mpaka tuliporidhika. Kazi hii inachosha, na vijana wawili wanaofanya nami walitaka kujua kwa nini tunahangaikia sehemu za mia za nyuzi. Niliwaambia hivi: maji ya chini ya ziwa hili yamepanda joto kwa sehemu tu ya nyuzi moja katika karne nzima. Kipimajoto kikidanganya kidogo, kitakuwa kimemeza karne.

Tunajua hivyo kwa sababu watu walipima mapema. Mbelgiji Louis Stappers alishusha vipimajoto hapa mwaka 1912 na 1913, na jina lake limebaki kwa samaki aitwaye mgebuka, Lates stappersii. Mtafiti Beauchamp alipima mwishoni mwa miaka ya 1930. Wabelgiji walirudi na safari kubwa ya 1946 na 1947. Hakuna aliyekuwa akitafuta mabadiliko ya tabianchi. Walitaka tu kujua ziwa likoje, wakaandika kwa uangalifu.

Juni, mwishoni

Kusi imeshika. Asubuhi ziwa lina mawimbi meupe na nahodha wetu anatutoa kabla ya jua kuchomoza, kwani kufikia saa nne haiwezekani tena kusimama kituoni bila kusukumwa.

Niandike hapa kinachotokea, maana vijana wataisoma shajara hii. Kusi inavuma kufuata urefu wa ziwa, kama kilomita 670, na inasukuma maji ya juu kuja kaskazini. Maji ya joto yanarundikana kwetu na ule mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi unazama. Kule kusini ni kinyume: mpaka unapanda, maji ya chini yenye virutubisho yanafika juani na mwani unaota. Upepo ukilegea, Septemba hivi, mrundikano unaachiliwa na mpaka unaanza kuyumba, ukipanda huku na kushuka kule. Ni wimbi lisiloonekana kwa macho, liko makumi ya mita chini, na mzunguko wake mmoja huchukua karibu wiki nne.

Hizo wiki nne ndizo zinazonifanya nidai kipimo cha kila wiki. Mtafiti anayekwenda mara moja kwa mwezi anaweza kulikuta wimbi limepanda kila anapofika, akaandika kwamba mwaka wote ulikuwa wa baridi; au akalikuta limezama kila mara, akaandika kwamba ziwa limechemka. Hatari inaongezeka kwa kuwa hapa kwetu kazi zote za ziwani hufuata mwezi. Wavuvi wa taa hutoka kipindi cha giza na kupumzika mwezi ukijaa, na watafiti wengi huomba nafasi kwenye mitumbwi yao. Giza hadi giza ni siku 29 na nusu. Ni karibu mno na mwendo wa wimbi.

Kwenye madaftari kuna miaka ya kila wiki na kuna miaka ya mara moja kwa mwezi. Tumeamua kutozichanganya. Zile za mwezi zitaingia kwenye jedwali zikiwa na alama yake, na hazitatumika kujibu swali la kusi.

Julai

Safari za ziwani zimekuwa chache kwa sababu ya upepo, kwa hiyo tumekaa mezani. Nimefika kwenye madaftari ya miaka ambayo nami nilikuwepo.

Nilikuwa mmoja wa wanafunzi wa Nyanza Project, mafunzo yaliyofanyika hapa Kigoma kuanzia 1998 chini ya Andrew Cohen wa University of Arizona. Vijana wa Marekani na wa nchi zetu tuliwekwa pamoja, kila mmoja akapewa swali dogo la kulimaliza kwa wiki chache. Langu lilikuwa konokono wa kwenye miamba. Konokono wa ziwa hili wana magamba mazito yenye miiba, ya kufanana na wa baharini kiasi kwamba mwanabiolojia Mwingereza J. E. S. Moore alifunga safari mbili miaka ya 1890 akiamini ziwa liliwahi kuungana na bahari. Halikuwahi. Lina umri wa miaka kati ya milioni 9 na 12, na konokono hao walipata magamba yao humuhumu, wakishindana na kaa wanaoyavunja.

Nilizihesabu aina zao kwenye miamba safi na kwenye miamba iliyofunikwa na tope linaloshuka kutoka vilima vilivyokatwa miti. Cohen na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 1993 kwamba penye mashapo mengi aina za viumbe hupungua. Kwa aliyekulia Ujiji hilo halikuhitaji hoja ndefu. Ukipiga mbizi mbele ya msitu wa Gombe, kisha ukapiga mbizi mbele ya kilima kilicholimwa hadi majini, unaona mwenyewe. Lakini kuona si kupima, na ile tabia ya kupima ilinishika nikiwa hapo.

Toka konokono nilihamia kwenye mwani wanaokula, toka mwani nikahamia kwenye virutubisho vinavyoulisha, na virutubisho vikanipeleka kwenye joto. Wenzangu wengine walibaki na samaki na wamefanya makubwa. Mimi kila swali lilinishusha hatua moja chini, mpaka nikajikuta nimeshika kipimajoto, na hapo nimekaa. Nimepata nafasi za kwenda kufanyia kazi maziwa mengine, na marafiki walinishauri nizichukue. Sikwenda kwa sababu thamani ya kituo hiki iko katika kurudiwa, na mtu wa kukirudia anapaswa kuwa anaishi hapa. Kilomita chache kaskazini, Gombe, sokwe wamefuatiliwa tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960, na mambo mengi yanayojulikana leo kuhusu maisha yao yasingeonekana katika utafiti wa miaka mitatu. Maji nayo yanastahili uvumilivu huo.

Julai, baadaye

Kijana mmoja kati ya wawili wangu amesoma makala za 2003 kuhusu joto la ziwa hili na akaja na swali: kama ziwa linapata joto, ubaya uko wapi? Nyuzi moja ni nini?

Maji hupungua uzito yakipashwa, lakini si kwa kiwango kimoja. Kutoka nyuzi 4 kwenda 5 tofauti ni ndogo sana. Kutoka 25 kwenda 26 tofauti ni zaidi ya mara ishirini ya hiyo. Ndiyo maana huku kwenye joto nyuzi mbili au tatu kati ya juu na chini zinatosha kuyatenga maji, ya juu yakielea juu ya ya chini jinsi mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Ukiongeza joto juu, upepo uleule unachanganya kidogo zaidi kuliko jana. Chakula kinabaki chini.

Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mwani huenda umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Mwaka huohuo Piet Verburg, Robert Hecky na Hedy Kling walichapisha katika Science vipimo vinavyokwenda upande huohuo. Jouko Sarvala na wenzake walipinga mwaka 2006: walisema mavuno yanaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya tabianchi. Kisha 2016 Cohen na wenzake walitoa tope la chini ya ziwa na kusoma ndani yake mifupa ya samaki, magamba na diatomu (mwani mdogo sana wenye ganda la silika). Wakakuta samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza, na kwamba sehemu ya sakafu ya ziwa inayoweza kupata oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946.

Maoni yangu: hoja ya Sarvala haikufa, na ilitusaidia. Ilitulazimisha tusimlaumu mvuvi kwa kosa la hewa, wala kuisingizia hewa kosa la nyavu zenye matundu madogo. Ziwa linalozalisha kidogo zaidi huumizwa haraka zaidi na uvuvi uleule. Nimemwambia kijana mambo hayo mawili yanazidishana, si ya kuchaguliwa moja.

Agosti, tarehe 16 na siku zilizofuata

Ziwa limefunguliwa. Kibirizi palikuwa na watu tangu usiku, mama wachuuzi wakiwa na ndoo, watoto wakisubiri kusaidia kubeba. Chombo cha kwanza kilipokaribia watu walipiga vigelegele na mimi pia nilipiga.

Wengine wamerudi na samaki wa kuridhisha, wengine kidogo. Waandishi wa habari waliniomba niseme kama kufunga kumefaulu. Nilikataa kusema, na nikaeleza sababu: mwezi unajaa tarehe 19. Taa ya mvuvi huvuta dagaa kwa sababu kuna giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hutawanyika na taa haina nguvu. Wiki ya kwanza ya ufunguzi imeangukia kipindi kibovu kuliko vyote kwa uvuvi wa taa. Atakayelinganisha wiki hii na wiki yoyote ya giza atakuwa amepima mwezi, hakupima ziwa. Tusubiri giza la mwanzo wa Septemba.

BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, wamekubali kutuandikia, kwa kila chombo kitakachokubali, saa ya kutoka, idadi ya taa na beseni zilizoshushwa. Bila idadi ya taa, beseni hazina maana.

Septemba

Giza limekuja na kupita, takwimu za mwalo zipo. Sitaziandika hapa kabla BMU hawajaziona, kwa sababu ni zao.

Kituoni kusi imelegea. Mpaka wa joto uliokuwa umezama Julai umepanda dhahiri, na wiki mbili mfululizo sahani ya Secchi imepotea machoni mapema kuliko kawaida. Hii ni sahani nyeupe inayoshushwa kwa kamba hadi isionekane. Padri Angelo Secchi aliijaribu kwenye bahari ya Mediterania mwaka 1865 na hakuna kifaa rahisi kilichoishinda. Ziwa hili likiwa na njaa, sahani huonekana zaidi ya mita 10 chini, wakati mwingine karibu na 20. Ikipotea mapema, mwani umeota. Chini ya darubini diatomu wamejaa, na wavu wa planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, umeleta kopepodi wengi, vidudu vya majini ambavyo ndivyo mlo wa dagaa.

Tumenasa pia kiwavi-maji (yavuyavu) mdogo wa ziwa hili, Limnocnida tanganicae, mwavuli mwangavu wa sentimita mbili hivi usiomdhuru mtu. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883 na habari zake zilishangaza Ulaya, maana viumbe wa aina hiyo walijulikana wa baharini. Vijana walimweka kwenye glasi, wakamwangalia muda mrefu, kisha wakamrudisha.

Oktoba, wiki ya pili

Mchoro wa kwanza umekamilika: joto la mita 60 na mita 100 kwa kila wiki, Mei hadi Septemba, mwaka huu ukiwekwa juu ya miaka ya madaftari yenye vipimo vya kila wiki. Mstari wa mwaka huu unapita juu ya karibu yote ya zamani, kwenye kina vyote viwili. Nimeuangalia kwa uzito moyoni ingawa niliutarajia. Umbo la msimu ni lilelile: kuzama, kuachiliwa, kupanda. Kwa hiyo kusi imefanya kazi yake mwaka huu, na sehemu ya dagaa wa Septemba ni haki yake. Sehemu gani, mwaka mmoja wa kufunga hautoshi kusema, na nimewaambia hivyo BMU nilipowabandikia mchoro ukutani Katonga. Mama wa dagaa alikuwepo. Aliufuata mstari kwa kidole, akauliza ule wa chini ni wa mwaka gani, kisha akataka kujua kama tutapima tena ziwa likifungwa mara nyingine.

Fedha za mafuta ya boti zinatosha hadi Desemba. Tumekubaliana na wenye vyombo wawili kwamba wiki ambayo boti yetu haitatoka, watatuchukua hadi kituoni kabla ya kwenda kutega, hata mwezi ukiwa mpevu. Mmoja ameomba mwanawe wa kidato cha tatu afundishwe kusoma sahani. Anaanza Jumamosi. Kamba mpya nimeshaipima na kuifunga mafundo kila mita, na fundi wetu mstaafu amesema atakuja kuyakagua mwenyewe.

Madaftari yaliyobaki ni ya miaka ya karibuni, hati zake zinasomeka, na tunategemea kuyamaliza kabla mvua hazijakolea.